Kalibre Iliyobaki Nyuma ya Mlango

Fadhili hakuwa na nia mbaya. Ni mkwe wa Lukmani, tajiri wa mitumbwi hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na tangu watu waanze kusema vita inaelekea kuisha alikuwa anahangaika atie pesa zake wapi. Akasikia kwamba pongo wamejaa tena kwenye milima ya Lubondja, yule swala mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, maana miaka yote ile wawindaji walikuwa wamekimbia au wamekufa. Basi akaja pale kwenye ukuta wa depo, mahali Isidore anaposhonea nyavu za Lukmani, akachuchumaa mbele yake, akauliza kwa heshima zote:

"Baba Isidore, banasema zamani ulikuwa muwindaji mukubwa. Unisaidie mawazo. Kwa pongo, ninunue kalibre ya marisaa, ama nitafute bunduki ya risasi, ile ya basoda, ya vita?"

Isidore aliweka sindano ya wavu chini. Halafu akasimama, akakung'uta suruali, akaenda zake nyumbani saa nne za asubuhi, na siku tatu hakuonekana kazini. Lukmani alifoka karibu amfukuze. Vijiweni wakasema mzee ana majivuno, wengine wakasema ana mashetani.

Mashetani gani! Mzee ana jibu, na hilo jibu linamla usiku na mchana. Mimi nyumba yangu na yake zinagusana ukuta. Mkewe, Mama Félicité, amenieleza yote kidogo kidogo, siku tunapotwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mara anaishia palepale, anafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ina sombe. Kwa hiyo acha niseme mimi, ili asije mtu mwingine kumuuliza swali lile tena. Wanaishi wawili tu, hao wazee. Binti yao wa pekee, Aline, alibaki kule juu. Mjukuu waliyeshuka naye mgongoni alikaa Baraka siku tisa, akazikwa.

Kwao ni juu ya Lubondja, saa mbili za kupanda kwa miguu, kijiji cha nyumba kumi na saba. Muhogo, mawese, mbuzi wachache. Wa kwanza kuwa na bunduki pale alikuwa baba yake Isidore, aliyeinunua kwa bei ya pamba enzi pamba ilipokuwa na bei. Kalibre ya mtutu mmoja, bunduki ya marisaa, pamoja na karatasi yake ya serikali iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka maandishi yakafutika. Mzee alipofariki, Isidore akarithi bunduki, karatasi, na kazi.

Na kazi ya kalibre si ya mtu mvivu, usidanganyike. Marisaa hayaendi mbali. Pongo lazima umnyatie mpaka umfikie hatua thelathini, tena upepo ukupige usoni, tena usikohoe, usimwaze hata mkeo. Isidore angeweza kulala kifudifudi kwenye majani yenye umande tangu jogoo la kwanza mpaka jua lianze kuchoma, kwa ajili ya kartushi moja ya marisaa. Ukifyatua ukakosa, umekosa, hakuna ya pili. Lakini ukipata, mlio wake ulikuwa mzito, wa tumboni, buuum, na mabonde yote yanaurudisha. Hata mtoto wa kunyonya alikuwa anaujua.

Sasa sikia desturi yao, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Pale kijijini muwindaji hatakiwi kukuta mafiga ya baridi. Kalibre ikilia tu, popote ulipo, shambani, kisimani, kwenye kukamua mawese, unaacha kazi unakimbia nyumbani, unawasha moto, unateleka maji. Hungoji uambiwe nyama imepatikana. Nyumba zote kumi na saba zinafuka moshi, na yeye akiwa njiani na mnyama begani anauona ule moshi, anajua watu wanamngoja. Akikuta nyumba hata moja ina mafiga ya baridi, walisema, mlima unafunga, na mwezi mzima hataona hata unyayo. Watu waliamini hivyo na walishika hivyo. Na kila nyumba ilipata fungu lake, hata ya mjane, hata ya mtu aliyegombana naye jana yake.

Miaka ishirini na tatu Isidore aliwalisha hivyo. Ukimuuliza wakati ule yeye ni nani, hangesema mkulima, ingawa siku nyingi alikuwa na jembe mkononi. Angesema muwindaji.

Ndipo ikaja vita, na haikutosha moja, ikaja na ya pili. Barabara ya Uvira ikafungwa. Ya kushuka Baraka ikawa leo iko, kesho haiko. Aliyekuwa anamletea kartushi akavuka ziwa kwenda Kigoma na hakurudi. Isidore akahesabu zilizobaki kwenye kopo la maziwa ya unga: saba. Akazitumia kwa kubania, moja kwa miezi miwili. Alijaribu kujaza maganda ya zamani kwa baruti ya viberiti, ikamlipukia, akapoteza kucha mbili. Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili ilibaki kartushi moja.

Na mwezi wa pili Aline akajifungua mtoto wa kike.

Mumewe Aline, kijana mmoja anaitwa Guy, alikuwa amechukuliwa na basoda kubeba mizigo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari zake. Aline alirudi kwa wazazi wake na tumbo la miezi saba na moyo umekwisha. Akajifungua salama, Mungu asifiwe, lakini maziwa hayakuja. Yangetoka wapi? Alikuwa anakula sombe ya maji, bila mawese, bila hata ndagala, dagaa wa ziwani, maana ndagala hutoka Baraka na njia imefungwa. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akalia. Siku ya kumi na mbili alianza kulia bila sauti, anafungua mdomo tu. Félicité anasema kile kimya ndicho kilichowashinda.

"Baba Aline," akamwambia mumewe, "mutoto huyu anatuaga. Mama yake akipata muchuzi wa nyama siku tatu, maziwa yatakuja. Mi najua. Hata mi ilikuwa hivyo."

"Kartushi iko moja."

"Basi, enda nayo."

Isidore alienda nayo siku nne na akarudi nayo siku nne. Njaa ilikuwa imewafundisha pongo woga, maana kila mtu mwenye mtego alikuwa ametega. Alimuona mmoja ng'ambo ya bonde, dume, amesimama wazi kwenye majani kama hatua mia mbili. Kwa kalibre hiyo ni sawa na kumpigia mnyama makofi. Akakaa chini, akalia. Ndiyo, mwanaume mzima, alilia, na mimi simcheki.

Siku ya tano akapita Komanda Bonaventure. Huyo ndiye aliyeongoza vijana waliosema wanalinda mlima, na walikuwa na njaa kuliko wanaolindwa. Alikuwa amesikia habari za muwindaji. Akatoa kalash moja, bunduki ya vita, kuukuu, kitako kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, akaiweka juu ya meza ya Isidore na risasi mbili pembeni.

"Papa, bunduki yako inakohoa tu," akasema. "Shika hii. Hii unakaa ku mulima huu, unapiga ku mulima ule. Kila ukienda, nitakupa risasi mbili. Nusu ya nyama ya mi na batoto bangu, nusu ya we."

"Na bantu bako?" Isidore akauliza. "Basipige bunduki huku ku kwetu. Nitajua namna gani nani anapiga?"

"Hakuna muntu wangu atapiga risasi huku. Hata moja. Nimesema."

Na kwa hilo komanda alisema kweli, tumpe haki yake.

Walipobaki wenyewe Félicité hakugusa ile kalash hata kwa kidole. Aliizunguka pale mezani.

"Ile kintu haiko yetu," akasema. "Iko na sauti ya vita. Bantu bakiisikia batakimbia, ao batazoea. Sijui gani iko mbaya zaidi."

"Mama Aline, unasikia mutoto analia?"

"Sisikii."

"Na ndiyo shida. Hatusikii tena."

Ungejibu nini hapo wewe? Isidore alipima kwa namna ya fundi anayeijua kazi yake. Kalibre inamwaga marisaa, hata mkono ukitetemeka utapata. Kalash inatoa tundu moja, na ile risasi ya vita inapita mnyama mzima na kutokea upande wa pili, anakwenda kufia bonde la tatu, aliwe na fisi. Kalibre ukikosa, marisaa yanaangukia majani. Kalash ukikosa, risasi inakwenda usikokujua, labda kwa mama anayepalilia muhogo. Yote aliyapima. Lakini kalash ilikuwa na risasi mbili leo na mbili kesho, na kalibre ilikuwa na kartushi moja basi. Akachagua. Alipima kila kitu isipokuwa mlio.

Siku ya kwanza alimpata dume yuleyule, ng'ambo, risasi moja tu ya shingo. Akambeba akishuka huku anaimba pambio. Akafika kijijini, mafiga baridi, nyumba kumi na saba hakuna hata paka. Walikuwa wamesikia pa! wakakimbilia msituni na mvua ikawanyea huko mpaka jioni, Aline na mtoto wake wakiwemo. Walirudi wametota, wana hasira, na Casimir, jirani yao, mtu wa mdomo, akasema: "Isidore, siku nyingine utuue na kalibre, tutakufa tukijua ni we."

Wakacheka kwa sababu kulikuwa na nyama. Usiku ule Aline alikunywa mchuzi bakuli tatu.

Jumapili yake Isidore akaongea na Henri, katekista, na Henri baada ya kusoma matangazo ya ndoa na ya kufagia kanisa akasoma na hili: "Tangu leo, mukisikia risasi moja, ao mbili, iko Papa Isidore, musikimbie. Zikifuatana nyingi kama mahindi ku kikaango, hapo kimbieni." Wiki iliyofuata Isidore alikuwa amebakiza risasi moja ya safari ya nyuma, akapiga tatu kummaliza pongo aliyejeruhiwa, na nusu ya kijiji ikakimbia. Basi Henri akatangaza tena: "Hata tatu, ndugu zangu. Hata tatu iko yeye."

Félicité alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa akina mama. Walipotoka tu akamshika mumewe mkono.

"Na bale bengine, nani aliwaambia baanze na nyingi?"

"Bale bengine?"

"Benye kuja kutuua, Baba Aline. Banaweza kuanza na moja."

Isidore alicheka. Ndiyo, alicheka, na leo hilo cheko analisikia masikioni. "Soda hapigi moja," akasema. "Soda akianza anamaliza yote."

"Basi beba zote mbili. Ukipata pongo na hii yao, sawa. Lakini ile kalibre yetu ikuwe na we, na kartushi yake. Siku moja utahitaji tukusikie."

"Bunduki mbili begani, na nyama nibebe na meno? Mi niko punda?"

Yakaishia hapo. Na kusema kweli mwezi ule ulikuwa mzuri, ndio ubaya wake. Pongo watano kwa majuma manne. Maziwa ya Aline yalikuja, tena kwa fujo, yakamlowesha blauzi kanisani na wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto akapata mashavu, akapata sauti, akaanza kuwaamsha majirani, na Félicité aliposikia kile kilio alfajiri alikuwa anatabasamu gizani. Wakampa jina? Hapana. Walisema watampa jina akifika miezi mitatu, maana kipindi kile watu waliogopa kutoa majina mapema. Hakufika.

Na watu walizoea. Pa! ikilia, jembe chini, mbio nyumbani, moto. Walikuwa wanakimbia kwa kicheko. Mlio wa vita ukawa mlio wa sufuria kwa muda wa majuma manne tu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu. Félicité aliamka mapema, akaitoa kalibre ukutani, akaipangusa kutu kwa mawese, akatia kartushi ile moja ndani ya mtutu, akaifunga, akaisimamisha nyuma ya mlango ambapo mumewe lazima aione. Hakusema kitu. Isidore aliiona. Akaisogeza kwa mguu ili mlango ufunguke, akachukua kalash, akatoka.

Alipanda mpaka mgongo wa mlima ambako unaona kijiji chote chini na mashamba yake na njia inayotoka Lubondja. Kwa macho si mbali, lakini njia inazunguka, mwendo wa saa nzima ukikimbia. Asubuhi hakuona kitu. Saa nane mchana alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula muhogo wa kuchemsha, watu wote wako mashambani chini huko, anaona migongo yao na nguo zao, anaweza hata kumtambua mke wa Henri kwa kitenge chake cha njano.

Ndipo ikalia. Pa! Moja, kutoka njia ya Lubondja.

Aliitazama kalash iliyolala mapajani mwake, kana kwamba ndiyo iliyolia. Alishika mtutu: baridi. Komanda alisema hakuna mtu wake atakayepiga, hata moja. Basi hawa si wa komanda.

Baadaye ilijulikana. Wavamizi walikuwa wanapanda kimyakimya, hawakutaka kupiga kabisa, ila wakakutana ana kwa ana na Casimir kwenye kona ya njia, amebeba kikapu. Mmoja wao akashtuka. Risasi moja, Casimir akalala, nao wakasimama na kusikiliza kama kijiji kitapiga kelele. Kijiji hakikupiga kelele. Kijiji kilianza kuwasha moto.

Isidore aliyaona yote kutoka juu. Aliona migongo inanyooka mashambani. Aliona majembe yanaanguka. Na badala ya kukimbilia msitu, ambao ulikuwa pale pale nyuma yao, hatua hamsini, wote wakageuka wakaanza kukimbia kuelekea nyumbani, watoto mbele, kitenge cha njano katikati. Akapiga kelele. "Mukimbie! Si mi! Si mi!" Upepo ulikuwa unampiga usoni, ule upepo mzuri wa muwindaji, ukairudisha sauti yake mgongoni kwake. Moshi wa kwanza ukatoka. Wa pili. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya tatu.

Zikifuatana nyingi, kimbieni. Hilo ndilo lililomjia. Wakisikia nyingi watakimbia. Akashika kalash, akaelekeza mbinguni. Alikuwa na risasi mbili. Alizipiga haraka kadiri kidole kilivyoweza, pa! pa! na akaendelea kuvuta, kuvuta, na bunduki inalia tik, tik, tik.

Kule chini wanawake wawili waliokuwa wamechelewa pembeni ya shamba, wamesimama wanasitasita, walisikia ya pili na ya tatu. Wakainua mikono juu kwa furaha, wakaanza kukimbia na wao. Nyumbani.

Isidore aliitupa ile kalash kwenye majani na akashuka mlima kwa njia isiyo njia, anaanguka, anainuka, miiba inamchana. Anasema alikuwa anahesabu moshi. Alifika kumi na nne kabla miti haijamfunika asione tena. Halafu akasikia yale mahindi ya kikaango. Yalilia muda mrefu. Yakapumzika, yakalia tena.

Chini ya kijiji kuna kisima kwenye matete. Isidore alitokea pale, kwa sababu alitaka kuzunguka, na akaona bidoni la njano limesimama kwenye tope, limejaa maji mpaka mdomoni. Matete yakatikisika. Ndani yake alikuwa Félicité amechuchumaa, mjukuu amefungwa kitengeni kifuani pake, kiganja cha bibi kimeziba mdomo wa mtoto.

Macho yake hayakuwa na akili wakati ule. Alimtazama mumewe miguuni, mikononi, mabegani.

"Bako wapi?" akamuuliza kwa mnong'ono.

"Nani?"

"Bale pongo. Tulisikia batatu." Akameza mate. "Aline alikuwa anapuliza moto. Nilimwambia, Aline, baba yako amepata batatu, maji haitatosha. Nipe mutoto nimubebe, mi niende kisimani, we ubaki na moto. Akasema, Mama, kimbia, asikute maji haijachemka. Sasa bako wapi? Umeacha nyama wapi, Baba Aline?"

Isidore alipiga magoti kwenye tope. Alitaka kumdanganya. Mpaka leo anasema, labda ningesema nimewaacha juu, nitarudi kuwachukua, angekuwa na kitu cha kushika. Lakini hakuweza.

"Hakuna nyama," akasema. "Ya kwanza haiko yangu. Hizi mbili nilipiga nikiwaambia mukimbie. Nilikuwa na mbili tu."

Félicité alimsikiliza. Alirudia polepole, kama mtu anayefundishwa hesabu. "Ulituambia tukimbie."

"Ndiyo."

"Na mi nikamwambia aongeze moto."

Juu yao moshi ulikuwa umebadilika, mweusi, mzito, wa nyasi za paa. Kelele zilikuwa zimekwisha. Walikaa hivyo, mtoto katikati yao, kiganja mdomoni mwake. Na katika ule ukimya ikalia bunduki, moja, kutoka ndani ya kijiji. Buuum. Mlio mzito, wa tumboni, na mabonde yote yakaurudisha, moja baada ya jingine, mpaka kule Lubondja.

Ilikuwa kalibre yao. Moto ulikuwa umefika nyuma ya mlango na kuikuta na kartushi yake ndani ya mtutu, kama Félicité alivyoitia asubuhi.

Félicité akasimama. Alikaza kitenge cha mtoto kifuani, akainama, akashika bidoni la maji kwa mikono miwili akalipandisha kichwani, na akaanza kupanda njia ya nyumbani kwa haraka, maana kalibre imelia na mafiga yasiwe ya baridi. Alikwenda hatua sita au saba. Isidore alimkimbilia akamkamata kiunoni kwa nyuma, akamshikilia na maji yanawamwagikia wote wawili, akamshikilia kwa nguvu zake zote, na mtoto, mdomo wake ukiwa umeachiwa, akaanza kulia kwa ile sauti yake mpya, anataka ziwa la mama.